Begi la mgongoni la kuingia nalo porini siku mbili tatu: vile mimi huchagua (mwongozo kamili, kutoka Malindi)

Hapa Malindi kila baada ya muda kuna kijana ananisimamisha, mara nyingi ni wale wanaoanza kazi ya kutembeza wageni ama wanaotaka kuingia na sisi msituni kutoa mitego ya nyaya ya majangili, ananiuliza "kaka, ninunue begi gani?" na mimi siku zote namrudishia swali, utabeba maji kiasi gani? Ananiangalia kama sijamuelewa. Lakini ndio hapo mambo yote yanaanzia, na nimeona watu wakiumia migongo kwa sababu walianza na rangi ama jina la kampuni, sasa leo niandike yote mahali pamoja.

Kwanza niwaambie kitu. Mabegi magumu kabisa ya porini ni ya wawindaji wa milimani kule Marekani, Colorado, Montana, Alaska. Mtu anaacha gari anatembea siku tano, siku saba, akipata mnyama kama elk, yule kulungu wao mkubwa, anamchuna hapo hapo, anatoa nyama kwenye mifupa, anaifunga kwenye mifuko ya kitambaa na kuipeleka garini kwa mgongo wake mwenyewe, kilo 30 hadi 40 kwa safari moja, alafu anarudi kuchukua nyengine. Kuna kampuni moja ya huko Marekani inayotengeneza mabegi hayo inaitwa Kifaru, neno letu kabisa. Kwetu Kenya kuwinda kumepigwa marufuku tangu 1977 na mimi nafurahi kuwa ni hivo, hapa sizungumzii kuwinda. Nazungumzia begi. Manake shida ya yule mwindaji ndio shida yetu ikigeuzwa: yeye huenda mwepesi akarudi mzito na nyama, sisi huenda wazito na maji tukarudi wepesi. Isipokuwa siku za mitego, hapo unatoka na maji na unarudi na nyaya, kwa hiyo hupumziki kwenda wala kurudi.

Kwa hivyo begi unalotaka ni lile linaloweza kukaa sawa likiwa limejaa na likiwa nusu. Shika hilo tunapoendelea.

Hatua ya 1: piga hesabu ya mzigo kabla hujaenda dukani

Chukua karatasi. Lita moja ya maji ni kilo moja, hakuna ujanja hapo. Kwa joto letu, hasa miezi ya kaskazi ile ya Januari mpaka Machi, mtu anayetembea na mzigo mimi humhesabia si chini ya lita 5 kwa siku pamoja na ya kupikia. Arabuko-Sokoke ni msitu mkavu, una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi na vidimbwi vyake vingi ni vya msimu, ukienda kiangazi unakuta matope yaliyopasuka na nyayo za ndovu tu. Ukienda upande wa mto Sabaki maji yapo, lakini ni ya udongo mwekundu, lazima uyaache yatuame usiku kucha ndio uyachemshe, na mtoni kuna mamba na viboko, hujiendei tu na kidumu chako jioni.

Hesabu yangu ya safari ya kulala mara mbili msituni iko hivi: maji kilo 12, chakula kilo 2, hema dogo na neti kilo 2 na nusu, nguo na shuka kilo 1 na nusu, sufuria na vyombo kilo 1, tochi, pawabanki, dawa na vitu vidogo kilo 1. Jumla kilo 20. Begi lenyewe tupu kilo 2 na nusu, tumefika 22 na nusu. Mimi nina kilo 74. Watu wa safari ndefu husema mzigo usipite robo ya uzito wa mwili, robo yangu ni 18 na nusu, maana yake siku ya kwanza nimezidisha na najua nimezidisha, siku ya pili niko sawa. Sasa wewe wa kilo 55 usibebe mzigo wangu kwa sababu ya aibu. Gawaneni maji.

Angalia hiyo hesabu tena, zaidi ya nusu ni maji. Ndio maana nilikuuliza lile swali.

Kuhusu lita za begi: safari ya kutwa, kuenda na kurudi, lita 20 hadi 30 zatosha. Kulala mara moja au mbili, lita 45 hadi 60. Yale ya lita 80, 90, 100 ni ya wale wawindaji na watu wa baridi wanaobeba majaketi na blanketi nzito, sisi usiku wetu shuka na kikoi vinatosha. Begi kubwa lina ubaya wake, utalijaza tu, mtu hawezi kuona nafasi ikabaki wazi. Na usiamini lita zilizoandikwa kwenye lebo. Mimi niliwahi kuuziwa la "lita 80" kwenye duka moja Mombasa, nilipofika nyumbani nikalilinganisha na mtungi wa lita 20 nikaona hata mitungi mitatu haiwezi kuingia. Huo mtungi wa nyumbani ndio kipimo chako, nenda na picha yake kichwani.

Hatua ya 2: pima mgongo, sio urefu wako

Hapa wengi huruka na ndio hatua ya maana kuliko zote. Watu wawili wa urefu mmoja, mmoja ana miguu mirefu mwengine ana mgongo mrefu, begi moja haliwakai wote. Inamisha kichwa mbele, pitisha kidole nyuma ya shingo utasikia mfupa umetokeza kuliko mengine, huo ndio mwanzo. Alafu weka mikono yako kiunoni juu ya mifupa ya nyonga, vidole gumba vielekee nyuma, pale vidole gumba vinapotazamana ndio mwisho. Mwambie mtu akupimie kati ya hizo sehemu mbili kwa futi ya fundi cherehani, ifuate mgongo ulivyopinda usiivute ikawa kama kamba ya ngoma. Watu wazima wengi wako kati ya sentimita 40 na 53. Mimi ni 47.

Ukishajua namba yako, kwenye begi pima kutoka pale mikanda ya mabega inaposhikana na mgongo wa begi mpaka katikati ya mkanda wa kiuno. Zikikaribiana sawa. Mabegi mazuri yana mahali pa kupandisha na kushusha mikanda ya mabega, unabandua na kubandika juu au chini, hilo chukua kama ndani ya nyumba mtatumia wawili. Kina dada mara nyingi mgongo ni mfupi na nyonga zimepanuka, kuna mabegi yaliyokatwa kwa ajili yao, mkanda wa kiuno umeinama kidogo. Mdogo wangu wa kike alihangaika na begi langu miaka miwili akidhani yeye ndiye dhaifu, siku alipojaribu la saizi yake alitembea kutoka Gede bila kusimama.

Hatua ya 3: fremu na mkanda wa kiuno

Nielezee kwa mfano wa kwetu. Ukienda Lamu mwangalie punda aliyebebeshwa shogi, ile mifuko ya pande mbili, yenye mawe ya matumbawe ama mchanga wa kujengea, mwenye punda anayejua kazi hamuachi mnyama na mzigo unaolalia shingoni ama unaoyumba upande, anausawazisha kwanza ndio anamwambia twende. Na mzee wa mzegazega hivo hivo, ule mti begani ukiwa na uzito mmoja mbele na mwengine nyuma anatembea karibu kukimbia. Mzigo una mahali pake. Kwa mwanadamu mwenye begi mahali pake ni nyonga, sio mabega. Mifupa ya nyonga iko juu ya miguu moja kwa moja, mabega yananing'inia tu kwenye misuli ya shingo.

Sasa kitu kinachopeleka uzito chini kwenye nyonga ni fremu. Ni vyuma vyepesi vya aluminiamu, ama bamba gumu la plastiki, ama kwa yale ghali kabisa kaboni. Begi lisilo na fremu, hata liwe zuri namna gani, ukitia zaidi ya kilo 8 au 10 linajikunja katikati na uzito wote unarudi mabegani. Jaribu hivi dukani: shika begi juu kwenye kile kishikio na chini kwenye mkanda wa kiuno, sukuma kama unataka kulifupisha. Likijikunja kama godoro, rudisha.

Fremu ziko za nje na za ndani. Zile za nje, mabomba yanaonekana, ni za zamani zaidi lakini usizidharau, mgongo unapata hewa na unaweza kufungia kitu chochote. Ubaya wake zinanasa kwenye vichaka na nyengine hulia, kwiri, kwiri, kwiri kila hatua, na ukiwa umewapeleka watu wakaone bundi wa Sokoke, yule mdogo wa kiganja, huo mlio utakuharibia asubuhi nzima. Za ndani zinakaa karibu na mwili na zinapita miti vizuri. Wale wawindaji wamechanganya, fremu yao ina begi linaloachana nayo, katikati panabaki nafasi kama rafu, ndipo nyama hukaa, karibu na mgongo na chini kidogo ya mabega, damu haigusi nguo. Mimi nafasi hiyo natia vidumu viwili vya lita 5 nikienda, na nyaya za mitego nikirudi. Nyaya hizo zimekatwakatwa, zina ncha, ukizitia ndani ya begi zinatoboa kila kitu mpaka hema. Ukilipata begi la namna hiyo kwenye mitumba, usiliache.

Mkanda wa kiuno wenyewe nao: uwe mpana kama kiganja, sponji yake ngumu. Sponji laini inakudanganya dukani, ukiibonyeza kwa kidole unasema ah, raha, baada ya saa mbili imelala chapati na unasikia mfupa unagusa kitambaa. Mimi nilitoka siku moja upande wa Jilore na mkanda wa namna hiyo, jasho na mchanga vikaingia kati, jioni nilipovua shati ngozi ya nyonga zote mbili ilikuwa imechubuka duara kama sarafu ya shilingi ishirini, nyekundu, na maji ya kuoga yalikuwa yanawasha kama pilipili. Nililala kifudifudi. Asubuhi nikakunja leso ya mamangu mara nne nikaiweka chini ya mkanda ndio nikaweza kurudi. Tangu hapo leso haikosi kwenye begi langu, lakini afadhali ununue mkanda mzuri.

Hakikisha mkanda unazunguka ukashika mfupa wa nyonga, sio tumbo. Na ukiukaza mpaka mwisho bado ubaki utepe kidogo wa kuvuta, kwa sababu porini utapungua.

Hatua ya 4: kitambaa, mshono na zipu

Vitambaa vya mabegi vinapimwa kwa denia, ni uzito wa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9000. Namba ikiwa kubwa uzi ni mnene. Nailoni ya 210 ni nyepesi na itachanika kwenye kikwata, ile miiba inayokurudisha nyuma ukishapita. Ya 500 ndio wawindaji wengi hutumia, na kwetu naona ndio sawa, ya 1000 ni ngumu sana lakini nzito na ikilowa haikauki upesi. Kitu chengine ni sauti. Kikwaruze kitambaa kwa kucha. Kikilia kama karatasi ya chipsi basi paa na ndovu watakusikia kabla wewe hujawaona, na ndovu akikusikia wewe bila wewe kumsikia si jambo la mchezo, msituni tunaingia na askari wa wanyamapori kwa sababu hiyo.

Mshono ndio unaoua mabegi mengi, sio kitambaa. Lile la Mombasa nililosema lilikatika mkanda wa bega siku ya pili, pale juu unapoingia kwenye mgongo, nikaufunga kwa kamba ya katani nikatembea nimepinda kama mtu mwenye kiharusi. Pindua mkanda uangalie hapo: uzi uwe umepita mara nyingi, kuna ile alama ya msalaba ndani ya mraba, na usione nyuzi zimelegea. Alafu vuta kwa nguvu zako zote, muuzaji akikasirika muache akasirike.

Zipu. Chumvi ya bahari inakula zipu za chuma, mwaka mmoja tu zinakuwa kijani na kukwama. Tafuta zipu yenye meno ya nailoni, yale ya kujiviringa, nene, hayo hata yakiachana unarudisha kishikio nyuma na yanashikana tena. Lakini mfuniko wa juu wa kamba ni bora kuliko zipu, kamba haiharibiki. Ukipenda zipu ya ubavuni ya kutolea vitu bila kupakua begi zima, sawa, lakini iwe na klipu mbili za kuivuka, ili siku ikipasuka begi lisifunguke.

Na klipu zile za plastiki, fungua na ufunge mara kumi. Klipu ya kiuno ikivunjika porini safari imekwisha, mimi hubeba moja ya akiba, haina hata uzito wa gololi.

Kuhusu mitumba nitasema wazi, mimi nimenunua mabegi yangu mawili bora kwenye mitumba, moja hapa sokoni Malindi na moja Kongowea, na nilitoa pesa kidogo kuliko lile jipya lililokatika. Ila angalia ndani. Mabegi mengi yana rangi ya mpira ndani ya kuzuia maji, ikizeeka inabanduka kama magamba na inanuka kama matapishi. Ukisikia hiyo harufu achana nalo, hata uoshe mara ngapi haitoki. Mshono ukiwa umeachia mahali pamoja tu lakini fremu na mkanda ni vizima, chukua, fundi wa viatu atakushonea kwa uzi wa nailoni, na kama uko Lamu watafute mafundi wa matanga, hakuna mtu anayejua kushona kitu cha kuvutwa na upepo kama wao.

Hatua ya 5: rangi

Hii fupi lakini isikupite. Usinunue begi la jangle, la mabaka ya kijeshi. Mitumbani yako mengi na yana nguvu kweli, lakini kwa Kenya raia kuonekana na vitu vya sare za jeshi ni matatizo, na kwa barabara yetu ya kwenda Garsen na Lamu yenye vizuizi vya ukaguzi utashushwa ukaeleze, na kusema kweli askari ana haki ya kukuuliza. Buluu nzito na nyeusi pia hapana, mbung'o wanazipenda hizo rangi, hata mitego yao hutengenezwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi. Kaki, kahawia, kijani kilichopauka. Ile nyekundu ya udongo wa Marafa nayo yafaa sana, haionyeshi uchafu.

Hatua ya 6: lijaribu na uzito

Begi tupu linakaa vizuri kwa kila mtu. Dukani omba pakiti za unga za kilo 2, tia saba au nane, hapo una kilo 14 ama 16. Kwa mitumba niliwahi kutumia chupa za maji za jirani wa muuzaji, akanicheka lakini akanipa. Sasa fuata mpango huu kila mara: legeza mikanda yote kabisa. Vaa. Inua mabega kidogo ufunge mkanda wa kiuno juu ya mifupa ya nyonga, kaza. Ndio uvute mikanda ya mabega mpaka iguse, isibane. Kuna vimikanda vidogo juu ya mabega vinavyovuta begi likukaribie, vikae mshazari, vikaze kidogo. Mwisho funga mkanda wa kifua, uwe legevu wa kupumua.

Ukitaka kujua umepatia, pitisha kidole chini ya mkanda wa bega pale juu. Kikiingia bila taabu, uzito uko nyongani. Kisha panda ngazi, inama ufunge kamba ya kiatu, geuka ghafla kama umeitwa. Begi likichelewa kugeuka likakuvuta, halijakushika.

Ukishalinunua, kabla ya safari lijaribu nyumbani wiki mbili mapema. Lijaze mchanga kwenye viroba vidogo, lakini pima, mchanga mkavu ni mzito kuliko maji, lita moja ni kilo moja na nusu hivi. Tembea ufukweni asubuhi maji yakiwa yametoka, kilomita 5, mchanga laini utakuonyesha haraka panapobana. Hapo bado unaweza kurekebisha.

Hatua ya 7: kupanga

Chini kabisa shuka na nguo za kulalia. Maji yakae katikati, yakigusa mgongo, usawa wa mabega kushuka. Vyepesi nje. Tochi, dawa, vitafunio juu. Maji usitie kwenye chombo kimoja, ukipasua kimoja umebaki na chengine, na kila unapokunywa anza na cha nje ili uzito wa ndani ubaki mahali pake. Ukimaliza siku, vuta mikanda ya ubavuni mpaka begi liwe jembamba, vitu visicheze ndani.

Mifuko ya plastiki ya kubebea tulikatazwa tangu Agosti 2017, na tangu Juni 2020 hata chupa za maji za kutupa haziruhusiwi kwenye mbuga, misitu na fukwe zilizohifadhiwa, kwa hivyo beba vidumu vya kudumu, na kuzuia mvua tumia mfuko mzito wa kukunja mdomo, vitu vikae ndani yake. Lile koti la begi la mvua peke yake halitoshi wakati wa masika, maji yanapita mgongoni yanaingia.

Ukivuka mto ama mahali pa ndovu, fungua klipu ya kifua na ulegeze ya kiuno. Ukianguka ama ukilazimika kukimbia, begi litoke kwa mkono mmoja. Jizoeze hiyo nyumbani, fumba macho uifanye.

Ukirudi, lioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi na sabuni kidogo ya kipande, usitumie omo, lianike kivulini limepinduliwa, jua letu linaua nailoni. Pitisha mkono kwenye mishono yote likiwa bado na unyevu, ndio wakati nyuzi zilizokatika zinasimama na unaziona. Mimi langu lina mshono mmoja pale juu ya bega la kushoto umeanza kuchoka, kesho nampelekea fundi.